Mama mkwe kakataa shati jeupe

SWALI: Shikamoo Shangazi. Wiki tatu zijazo tunapiga picha ya familia. Tuko saba: mimi, mume wangu, watoto watatu, mama mkwe na wifi yangu. Mume anataka sote tuvae shati jeupe na jinzi. Mama mkwe ameshatoa gauni lake la zambarau lenye maua na hataki kusikia jingine. Nifanyeje?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mama mkwe amekurahisishia kazi. Kwa miaka niliyoshika kamera, mimi huanza na mtu ambaye nguo yake haibadiliki, wengine wakachota rangi kwake.

Litazame gauni hilo mchana, karibu na dirisha. Ukiona maua ya krimu na majani ya kijani kilichofifia, basi rangi mmeshapata. Mume avae krimu, wifi kijani, wewe zambarau iliyopauka. Watoto wagawane hizohizo, na mmoja anaweza kuvaa kijivu ili macho yapumzike. Maua makubwa mwachieni bibi peke yake.

Weupe mtupu siupendi. Mkibanana, shati la huyu linaungana na la yule, hujui bega la nani limeishia wapi. Tena kamera ikipunguza mwanga ili shati lisiungue, yaani lisigeuke doa jeupe tupu, nyuso zetu nyeusi zinazidi kuwa giza, na picha tunapigia nyuso. Mweleze mumeo hivyo, ataelewa. Krimu haina ukali huo.

Nyekundu kali na zile rangi za kuwaka ziache: juani hutupa wekundu wake chini ya kidevu. Mistari myembamba iliyosongamana nayo ni hatari. Niliwahi kumpiga picha baba mmoja aliyevaa shati la namna hiyo, na kwenye picha kifua kikajaa mawimbi ambayo kitambaani hayapo. Sikuyaona mpaka familia ilipokwisha kuondoka. Bado inaniuma.

Sasa tandika nguo zote saba kitandani, viatu na soksi vikiwemo, uzipige picha kwa simu. Kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nguo itakayong'aa kuliko zote ndiyo jicho litakayoikimbilia. Kama ni fulana ya mtoto wa pembeni, ibadilishe.

Kila mmoja aijaribu nguo yake akiwa ameketi pia, maana gauni linalofika magotini ukisimama hupanda ukikaa. Watoto wavae viatu vipya siku kadhaa kabla. Mtoto anayebanwa na kiatu hatabasamu hata umwimbie. Siku yenyewe wavisheni mwisho kabisa.

Wifi mwambie leo rangi yake, usingoje mkesha wa picha. Na mama mkwe, kwa kuwa rangi zote zimetoka kwake, mkalisheni katikati.