Maswali na Majibu: Draiva ya 3380 Haipo, na VTOC Msiiguse

SWALI: Ndugu mtaalamu, tunatunza mfumo wa zamani wa kumbukumbu za wateja kwenye z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu za IBM. Mafaili yake yamekaa kwenye diski za aina ya 3380 miaka mingi, na sanduku linalozibeba linaondolewa. Sanduku jipya limepangwa kutoa 3390 tu. Mshauri tuliyeletewa alisema ni kazi ndogo: badilisheni 3380 iwe 3390 kwenye JCL (maagizo ya kuendeshea kazi), pakueni mafaili kwenye tepu, yapakieni upya, basi, maana traki (duara moja la data kwenye diski) ya 3390 ni kubwa kuliko ya 3380. Majaribio yamepita karibu yote. Iliyotushinda ni programu moja ya asembla inayosoma faili la BDAM (linalofikiwa bloki moja kwa moja kwa anwani yake) lenye bloki za baiti 4,096. Inaleta rekodi za wateja wengine, na haitoi ujumbe wowote wa kosa. Rekodi chache za mwanzo tulizojaribu zilikuwa sahihi. Sasa mshauri anasema tunakosa draiva ya 3380, au vinginevyo aipige VTOC (orodha ya yaliyomo kwenye diski) zapu, yaani abadilishe baiti zake moja kwa moja, ili mfumo uamini traki bado ni ya zamani. Draiva hiyo tuipate wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, draiva hiyo haipo, na haijawahi kuwapo. Zapu isipigwe. Kabla ya lolote lingine, simamisheni kila kazi inayoandika kwenye nakala mpya ya faili hilo. Programu inayosoma rekodi ya mteja asiye wake bila kulalamika itaandika juu ya rekodi ya mteja asiye wake bila kulalamika vilevile.

Hesabu ya tatizo lenu naweza kuwaandikia hata kabla sijauona msimbo. Uwezo wa traki ya 3380 ni baiti 47,476. Wa 3390 ni baiti 56,664. Mtu asiyejua atagawanya kwa 4,096 na kupata bloki 11 kwa ile ya kwanza na 13 kwa ile ya pili. Majibu yote mawili si sahihi, kwa sababu kila bloki kwenye traki hutanguliwa na eneo lake la hesabu (linalotaja anwani na urefu wake) na kuzungukwa na mapengo, na mapengo hayo yanakula nafasi. Kwa uhalisia 3380 inabeba bloki 10 za ukubwa huo na 3390 inabeba 12. Programu yenu, bila shaka, inachukua namba ya bloki, inaigawa kwa 10, inapata traki, na baki inakuwa nafasi ndani ya traki. Aliyeiandika alikuwa na 3380 mbele yake na akaigandisha ile 10 ndani ya msimbo.

Mlipopakia upya, kila traki ilijazwa bloki 12. Tukianza kuhesabu kutoka sifuri, bloki ya 0 hadi ya 9 ziko palepale programu inapozitafuta, ndiyo maana majaribio yenu ya mwanzo yalifaulu. Bloki ya 10 programu inaitafuta traki ya 1, rekodi ya kwanza, na hapo sasa imekaa bloki ya 12. Bloki ya 20 inatafutwa mahali ilipo ya 24. Mkifika bloki ya 1,000 mnaletewa ya 1,200. Kosa linakua kwa bloki mbili kila traki, na chaneli (njia ya data kati ya diski na kompyuta) haioni ubaya wowote: anwani ipo, bloki ina urefu unaotakiwa, data imesomeka vizuri. Mngejaribu rekodi za mwisho wa faili mngegundua siku ileile, kwa sababu data sasa imekaa kwenye traki chache zaidi na programu ingetafuta mahali pasipo na kitu.

Na kwa nini kazi nyingine zimepita? Hapa ndipo uhamisho wa 3380 kwenda 3390 unapowadanganya watu kuliko uhamisho mwingine wowote. Aina zote mbili zina traki 15 kwa silinda (kundi la traki zinazosomwa vichwa vikiwa mahali pamoja). Huko nyuma haikuwa hivyo. 2311 ilikuwa na traki 10 kwa silinda, 2314 ikawa na 20, 3330 ikawa na 19, 3340 ikawa na 12, na 3350 ikapanda hadi 30. Aliyehama kutoka 3350 kwenda 3380 alivunjikiwa na mambo mengi mara moja, akalazimika kuchunguza kila programu. Anayehama kutoka 3380 kwenda 3390 anakuta hesabu za silinda zinakubali, VSAM (njia ya mafaili ambayo programu yake haihesabu traki) inajirekebisha yenyewe, mafaili ya mfuatano yanasomeka, anafunga jalada. Kinachobaki ni kile kikundi kidogo cha programu zinazojua idadi ya bloki ndani ya traki, na hizo haziangui kazi. Zinatoa jibu lisilo sahihi.

Sasa neno hili draiva. Nalisikia kila mara, na linatoka kwa watu waliokulia kwenye kompyuta ndogo. Huko diski hujitambulisha kama safu ya bloki zenye namba, umbo lake limefichwa, na kipande kimoja cha programu kinatosha kuiunganisha na mfumo endeshi. Diski za meinfremu hazikuzaliwa hivyo. Tangu System/360 ya mwaka 1964 utaratibu ni CKD: kila rekodi kwenye traki ina eneo la hesabu, ufunguo ukitakiwa, kisha data, na urefu wake anaamua anayeandika. Programu ya kawaida iliweza kujitungia programu yake ya chaneli, ikataja silinda na kichwa kwa namba, ikaamuru kidhibiti kitafute rekodi juu ya sahani inayozunguka. Umbo la diski halikukaa sehemu moja. Lilienea kwenye kiini cha mfumo, kwenye VTOC, kwenye njia za kufikia data, kwenye vifaa vya kunakili, kwenye JCL, na kwenye vichwa vya waandishi wa programu.

Ndiyo maana kuiongezea MVS, mfumo uliozaa z/OS, aina mpya ya diski ilikuwa kazi ya kweli. Ilibidi aina hiyo ipewe alama yake ndani ya UCB (rekodi ya mfumo kwa kila kifaa), iingizwe kwenye jedwali la sifa za vifaa, ICKDSF ijue kuiandaa, taratibu za kurekebisha makosa zijue kusoma malalamiko yake, DFDSS ijue kuinakili. IBM ilipotangaza 3380 mwaka 1980, MVS ya wakati huo haikuijua hadi iongezewe bidhaa ya ziada. Kisa cha FBA kinaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mwaka 1979 zilikuja 3310 na 3370, diski za bloki zisizobadilika za baiti 512, rahisi kabisa kwa anayeandika mfumo endeshi. VM na DOS/VSE, mifumo mingine ya IBM, zilizipokea. MVS haikuzipokea, si wakati ule wala baadaye, kwa sababu kila kitu ndani yake na ndani ya mafaili ya wateja wake kilihesabiwa kwa traki. Badala yake IBM ilitoa 3375, yenye teknolojia ya 3370 lakini inayozungumza CKD. Ilikuwa nafuu kujenga diski nyingine kuliko kuibadilisha MVS na programu za wateja wote. Mtu akikuambia kuna draiva ya kuweka mchana mmoja, mwulize kwa nini watengenezaji wa mfumo wenyewe hawakuiandika.

Pia muelewe kwamba 3390 mnayopewa leo si diski. 3390 halisi ilitoka mwaka 1989, na hakuna modeli ya diski iliyokuja baadaye kuchukua nafasi yake. Kuanzia miaka ya 1990 masanduku yanabeba diski ndogo za kawaida, na siku hizi kumbukumbu za flashi, zote za bloki zisizobadilika, na kidhibiti ndicho kinachoijibu z/OS kana kwamba kuna traki ya baiti 56,664 inayozunguka. Umbo limebaki kama makubaliano kati ya kidhibiti na mfumo. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kujifanya 3380, ni ndani ya kidhibiti. Hata 3390 za mwanzo ziliweza kuandaliwa katika hali ya traki za 3380, sehemu ya kila traki ikaachwa bila kazi, ili wateja wapate muda wa kurekebisha programu. Muulizeni mwenye sanduku lenu jipya kama linaweza kupangiwa voliumu (diski kama mfumo unavyoziona) za 3380. Likiweza, mmepata muda, na muda huo muutumie kurekebisha programu.

Zapu ya VTOC ndiyo inayonikera zaidi. Anachopendekeza mshauri wenu ni kuichukua DSCB ya aina ya 4, rekodi ya VTOC inayobeba maelezo ya voliumu, na kubadilisha urefu wa traki kwa AMASPZAP, kifaa cha kupigia zapu. Lakini mfumo hauitambui diski kwa VTOC peke yake. Unaitambua kwa UCB, kwa jedwali la sifa za vifaa, na kwa majibu ya kidhibiti chenyewe. Ukiibadilisha VTOC, sehemu moja ya mfumo itahesabu nafasi kwa kipimo cha 3380 na nyingine kwa kipimo cha 3390 juu ya voliumu ileile. Siku zapu hiyo itakapoleta madhara huenda aliyeipiga ameshaondoka, na atakayeitwa kuokoa data hatakuta hata mstari mmoja wa maelezo.

Tiba ya haraka ni hii. Rudini kwenye faili la asili likiwa bado kwenye 3380, mlinakili kwa DFSMSdss (jina la sasa la DFDSS) kama faili la BDAM, na msitaje RELBLOCKADDRESS. Bila neno hilo DFSMSdss huchukulia kwamba faili linafikiwa kwa traki na rekodi, na huiacha kila bloki kwenye nafasi yake. Traki ya 3390 itabeba bloki 10 kama zamani, sehemu yake ibaki tupu, na programu itasoma sahihi. Mkilitaja RELBLOCKADDRESS mtarudi palepale mlipo sasa. Jaribuni rekodi za mwanzo, za katikati na za mwisho kabisa, na linganisheni faili zima kabla ya kumruhusu mtu kuandika.

Tiba ya kudumu ni kuitoa ile 10. Bloki zenu zikiwa za urefu mmoja, BDAM inakubali anwani ya bloki kwa namba yake ukitumia OPTCD=R, na mfumo wenyewe unafanya hesabu ya traki. Programu ikihitaji kujua bloki ngapi zinaingia kwenye traki, iuulize mfumo kwa TRKCALC. Na kama mna nguvu ya kuandika upya, pelekeni faili kwenye VSAM ya RRDS (rekodi hufikiwa kwa namba zake), muachane na traki kabisa.

Msiishie kwenye programu hiyo moja. Tafuteni kwenye msimbo na JCL zote namba zinazonuka diski: 19069 ni traki nzima ya 3350, 23476 ni nusu ya traki ya 3380, 47476 ni traki nzima. BLKSIZE (ukubwa wa bloki) ya 19069 ikiachwa kwenye 3390 inaingia mara mbili tu kwa traki, na karibu theluthi moja ya nafasi mnayoilipia inakaa bure. Faili jipya la mfuatano liandikwe BLKSIZE=0, mfumo uchague wenyewe. Na popote mtakapokuta programu inayosoma silinda na kichwa kama namba mbili za baiti mbilimbili, iwekeni alama nyekundu. Anwani hiyo iliishia silinda 65,520 kwa voliumu. z/OS 1.10 ya mwaka 2008 ilipovuka mpaka huo, ilichukua biti 12 kutoka sehemu ya kichwa, kwa kuwa kichwa hakizidi namba 14 na biti nne zinakitosha, ikazifanya biti za juu za silinda. Voliumu siku hizi zinafika silinda 1,182,006. Programu inayosoma anwani hizo kwa mtindo wa zamani itaona kichwa chenye namba isiyowezekana, au itaikata namba ya silinda na kwenda mahali pengine kabisa. Ni kosa lilelile la 10 yenu.

Liko jambo moja ambalo hamkuuliza, na lina tarehe ya mwisho: tepu. Kama hifadhi zenu za miaka iliyopita ni nakala za voliumu nzima zilizochukuliwa kimwili, yaani traki kwa traki, zinarudishwa kwenye diski ya aina ileile tu. Tepu ya 3380 ya namna hiyo haitarudi kwenye 3390. Kabla sanduku la zamani halijatoka mlangoni, zirudisheni zile mnazotakiwa kuzitunza kwenye 3380 zilizopo, kisha mzichukue upya kwa njia ya kimantiki, faili kwa faili. Anzeni na za mwisho wa mwaka, maana ndizo wakaguzi huja kuziulizia.