Kumpiga Picha Mtoto Asiyekutazama

Mkifika nyumbani kwa mteja, kamera ibaki kwanza kwenye begi. Nawaambia ninyi mnaoanza kwa sababu hapo nilikosea miaka mingi. Nilikuwa nasalimia juujuu, na kabla chai haijamiminwa nishainua lenzi mbele ya uso wa mtoto. Mama anahimiza, "Cheka mwanangu, mwangalie anko!" Mtoto anatoa meno. Ukiitazama picha ile baadaye unaona meno tu. Mtoto mwenyewe hayumo.

Siku moja niliitwa Temeke kwa mtoto aliyekuwa anatimiza miaka mitatu. Kavalishwa suti, viatu vinambana, kila akiitwa anajificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Nusu saa nzima sikupata kitu. Nikakaa mkekani, nikaomba maji, watu wakarudi kwenye mazungumzo yao, mimi nikasahaulika. Hapo yule mtoto akatoka, akaenda mlangoni kwenye viatu vya wageni, akachuchumaa na kuanza kuvipanga: vya wakubwa huku, vya watoto kule, ncha zote zikitazama nje. Ndala moja ilikosa mwenzake. Akaiinua, akaigeuza, akakunja uso kama fundi aliyeletewa kazi ngumu.

Nilipiga picha kumi na moja palepale nilipokaa. Nane zilitikisika, maana shata, yaani muda kamera inaoachia mwanga uingie, nilikuwa nimeisahau kwenye 1/60 ya sekunde, ndefu mno kwa mtoto anayesogea. Katika zile tatu bibi akachagua moja, akaiacha hata ile ya keki. "Huyu ndiye mwenyewe," alisema. "Hata vikombe vyangu havilali bila yeye kuvipanga."

Tangu hapo namuuliza mzazi mapema: mtoto hulala saa ngapi, akinuna hufanyaje, akiachwa peke yake huchezea nini. Jibu la "anapenda katuni" halinisaidii. Nataka kusikia kwamba hubeba mto mgongoni na kuubembeleza, au kwamba hawezi kupita dimbwi bila kuingia. Kama hajachangamka, mpeni kazi ya mikono: donge la unga wa chapati, ndoo ya maji, vifuu na mchanga ajipikilishe. Mikono ikishughulika, uso unajisahau.

Shata msiishushe chini ya 1/250 kwa mtoto aliyetulia. Akicheza 1/500, akikimbia 1/1000. Sebuleni hiyo itapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au zaidi. Iacheni ipande. Mzazi hajali chenga kidogo kwenye picha, ila jicho lililotikisika ataliona. Na ile f/1.8 mnayojivunia, yaani tundu la lenzi lililofunguliwa sana, sehemu inayotoka kali ni nyembamba: mtoto akigeuka kidogo tu fokasi inabaki sikioni. Mimi nalibana kidogo, nakaa kwenye f/2.8 au f/4. Flashi izimeni, na mlio wa fokasi pia. Pigeni magoti, suruali itafuliwa.

Mtoto mweusi akiwa mbele ya ukuta mweupe, au amevaa kanzu, kamera hudanganyika na ule weupe ikamtia giza. Ongezeni mwanga hatua moja, au sogeeni ninyi hadi nyuma yake pawe na mlango au majani. Saa saba mchana jua linashuka wima na macho yanakuwa mashimo, kwa hiyo mimi nachukua kazi za saa tatu asubuhi au saa kumi na moja jioni. Kivuli cha mwembe nacho kina hila yake: majani huachia madoa ya jua usoni, na hayo hakuna programu itakayowaondolea kwa urahisi. Kizingitini pa mlango ulio wazi ni studio tosha.

Kuibia picha hakuondoi ruhusa. Mzazi akubali kwanza, tena aseme picha zitaishia wapi. Mtoto anayeoga simpigi, hata nikiambiwa hakuna tatizo, na sare yenye nembo ya shule siiweki mtandaoni.

Akianguka akalia, kamera chini, mwinueni. Akisema "sitaki," hilo nalo ni jibu kamili. Mara nyingi hapo nakaa naye, namvisha mkanda wa kamera shingoni, namwonesha pa kubonyeza. Nina picha nyingi za magoti yangu zilizopatikana hivyo.