Ndege ametua au imetua? Kuyapa maneno sifa za kisemantiki

Unapoandaa orodha ya maneno kwa ajili ya kompyuta, usiipe tahajia sifa za kisemantiki (alama za maana, kama kuwa hai au kuwa binadamu); ipe maana. Ndege wa mtini na ndege ya uwanja wa Wilson huandikwa vilevile, kwa hivyo kila mmoja atengewe mstari wake: ndege1 [+hai, −binadamu], ndege2 [−hai, +chombo], ambapo + ni "ina sifa hiyo" na − ni "haina". Fanya hivyo kwa kifaru wa mbugani na kile cha jeshi, na kwa mbuzi wa kuchinja na ile ya kukunia nazi.

Kinachozitenganisha maana hizi ni upatanisho, yaani kiambishi cha kitenzi kinachofuata ngeli ya nomino. Kifaru amejeruhiwa, kifaru kimelipuliwa. Ndiyo sababu kukata viambishi vya vitenzi ili "kusafisha" matini ni hasara: ukibaki na "tua" tupu, ushahidi umeutupa mwenyewe. Word2vec, programu ya kugeuza maneno kuwa namba iliyotolewa 2013, huipa kila tahajia vekta moja (orodha ya namba), na ndege wote wawili hurundikwa humo. Weka alama ya maana kwenye matini kabla ya kuifunza modeli.

Ila kipimo hiki ni cha Kiswahili sanifu. Chukua matini ya mitandaoni kutoka Nairobi uone: "hiyo mbwa imeniuma", "mbuzi imepotea". Ngeli ya I-ZI imemeza wanyama. Basi kanuni iwe ya upande mmoja: A-WA ikitokea, andika [+hai] (hadithi za jua kusema na mwezi ziweke kando), I-ZI ikitokea, usiamue bado, tazama kitenzi. Bweka, ng'ata na chinja vinaaminika. Kula hakiaminiki, maana gari nayo inakula mafuta. Kufa pia, kwa sababu simu hufa kila siku. Hata zaa kina mtego: mwembe nao huzaa.

Kinyume chake pia kipo. "Kitoto kinalia" kina KI-VI, na mtoto yu hai kabisa.

Andika fasili ya kila sifa kabla ya kuanza. Je, mti ni [+hai]? Mwanabiolojia atasema ndiyo, sarufi itakataa. Kwa kazi hii fuata sarufi. Maiti ndiyo husumbua zaidi, kwa kuwa utakuta "maiti amezikwa" na "maiti imezikwa" pia. Chagua moja, uandike sababu. Ruhusu thamani ya tatu, 0, kwa sifa isiyohusika: meza si [−kike], ni 0.

Kisha wape watu wawili maneno 100 yaleyale wayawekee sifa, kila mtu peke yake, upime makubaliano kwa kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu. Ikishuka chini ya 0.6, usiwalaumu kwanza. Rudia kusoma fasili zako.