S 35° W si 145: mimi nililipia kwa mihogo

Juzi kijana mmoja anayejifunza upimaji ardhi kaniandikia: "Kaka, karatasi inasema S 40° W, dira yangu ina namba 0 hadi 360 tu. Nifanyeje?" Nikacheka, kisha kicheko kikaniishia. Robo ileile, ya kati ya kusini (S) na magharibi (W), iliyoniumbua mimi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa Mkuranga, tukitafuta bikoni (alama za mipaka) za shamba la zamani. Bosi kanikabidhi dira na karatasi, yeye kaenda kunywa chai. Karatasi: S 35° W, mita 60. Mimi niliyetoka chuo na alama nzuri (naomba hilo lijulikane) nikakumbuka kusini ni 180, nikatoa 35, nikapata 145. Tukavuta tepu, tukaanza kuchimba. Jua la alasiri linanichoma kisogoni, na mtu anayeelekea kusini-magharibi saa kumi jioni jua humpiga usoni! Wala sikujiuliza.

Akatokea mama mwenye shamba, panga mkononi. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mwanangu, unamzika nani kwenye mihogo yangu?"

Nilikosea nyuzi 70. Kwa mita 60 hiyo ni karibu mita 69 kutoka bikoni ilipo. Mashina kumi na moja tuliyokuwa tumeshang'oa yakakatwa kwenye posho yangu, na bosi akaniita "profesa wa mihogo" mbele ya vibarua. Jina lilinifuata miaka. Wengine wanaona ni utani. Mimi bado sijaliona la kuchekesha.

Sasa wewe, mdogo wangu. Kabla ya kujumlisha wala kutoa, chora msalaba. Juu kaskazini, 0. Kulia mashariki, 90. Chini kusini, 180. Kushoto magharibi, 270. Azimuthi, yaani namba ya dira yako ya 0 hadi 360, huanzia kaskazini na kuzunguka kama mshale wa saa. Namba ya karatasini huanzia kaskazini au kusini, ikaegemea upande wa herufi ya mwisho, na haivuki 90. N (kaskazini) na E (mashariki), iache ilivyo. S na E, itoe kwenye 180. S na W, jumlisha 180. N na W, itoe kwenye 360. Yako ni 220, yangu ilikuwa 215. Namba ikiangukia nje ya robo uliyochora, futa, uchore msalaba tena. Huna karatasi? Chora kiganjani.

Vijana siku hizi mnakimbilia simu. Simu itakupa namba yoyote utakayoiomba, hata ya kukupeleka kwenye mihogo ya watu. Msalaba, nasema!

Mwaka jana nilipita kijijini pale. Mama yupo, na alinikumbuka. Akaniuliza kama siku hizi najua magharibi ni wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akalitazama jua kwanza, ndipo akaitikia shikamoo yangu.