Memori kadi: feki hujulikana ikishajaa

Kaka, nimenunua kadi ya GB 128 kwa bei ya kutupa. Kamera inaisoma 128 kamili. Picha za mwanzo za harusi zinafunguka vizuri, zilizofuata ni nusu picha, nusu kijivu. Kamera imeharibika?

Kamera haina kosa, kadi ndiyo feki. Ndani ina chipu ndogo, pengine ya GB 8, iliyochakachuliwa idai ni 128. Nafasi ya kweli ikiisha, kadi inaendelea kuitikia "nimepokea" huku inazitupa picha mpya au kuziandika juu ya zile za zamani. Ndiyo maana kupiga picha mbili tatu pale dukani hakukuonyeshi kitu.

Dawa ni kuijaza yote kabla ya kwenda nayo kazini. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Zote ni za bure: zinaandika kadi nzima, kisha zinasoma tena kuhakiki. Kwa GB 128 huenda ikapita saa nzima, we acha ifanye kazi ukale chakula. Nami niliwahi kuingizwa mjini hivyohivyo: sendofu nzima, bibi harusi anakata keki, kuanzia kifuani kushuka ni kijivu kitupu. Tangu siku hiyo hata memori kadi niliyopewa zawadi naipima.

Kadi yangu ya GB 64, laptop inasema 59. Nimepigwa?

Hujapigwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inapanda kwa 1,024 kila ngazi. Ni kadi ileile.

Video ya 4K inakatika yenyewe, na kadi imeandikwa 170 MB/s!

Hiyo 170 kwa kawaida ni kasi ya kusoma, tena ya juu kabisa. Tafuta alama ya V30: inahakikisha kuandika kusikoshuka chini ya MB 30 kwa sekunde. Video ya megabiti 100 kwa sekunde, ukigawa kwa 8, inahitaji MB 12.5 tu. Usiuze mbuzi kununua V90, ile ya kasi kubwa zaidi.

Shikamoo. Mtoto amefuta picha zote za msiba wa babu. Nifanyeje?

Marahaba, na poleni kwa msiba. Usipige hata picha moja zaidi. Chomoa kadi, sukuma kile kitufe cha pembeni upande wa LOCK. Kufuta kunaondoa orodha tu, picha zenyewe hubaki mpaka zipya ziziandike juu. Tumia PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizofutwa, ya bure pia, na utakazozipata zihifadhi kwenye kompyuta, siyo kwenye kadi hiyohiyo.

Kufomati, kwenye kamera au kompyuta?

Kwenye kamera, baada ya kunakili picha sehemu mbili. Na usichomoe kadi taa ikiwa bado inawaka. Zile pini zikichafuka, futa kwa kitambaa kikavu. Nimeona fundi anazipaka mate.