Ukienda Jinja kuteremka Nile, jiandae kuingia majini

Likizo ya Desemba ikikaribia, ndugu na marafiki huanza kuniandikia kuhusu Jinja, Uganda, wanakotaka kwenda kuteremka Mto Nile kwa boti ya mpira. Swali la kwanza karibu kila mara ni hili: "Boti hupinduka?" Ndiyo, hupinduka. Na hata isipopinduka, wimbi linaweza kukutoa wewe peke yako na wenzako wakabaki wamekaa. Lipokee jambo hilo ukiwa bado nyumbani, maana karibu kila andalio la maana linatokana nalo: unachovaa, unachomwambia nahodha, hata dawa unazomeza.

Mto wenyewe kwanza. Nile inatoka Ziwa Victoria hapo hapo Jinja, mji ulio kiasi cha kilomita 80 mashariki mwa Kampala. Ukisoma masimulizi ya zamani utakutana sana na maporomoko ya Bujagali. Hayo hayapo tena. Yalizama wakati wa ujenzi wa bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012, na bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likafunika mengine zaidi upande wa chini. Safari za sasa zinafanyika kwenye kipande kilichobaki kati ya mabwawa hayo mawili, kwa hiyo muulize mwenye kampuni mnaanzia wapi, mnaishia wapi na mtakaa majini kwa muda wa saa ngapi. Muulize pia daraja la ukali wa maporomoko. Hupimwa kuanzia la 1, ambalo ni maji yanayotembea tu, hadi la 6, ambalo watalii hawapitishwi. Sehemu kali zaidi ya maporomoko ya Itanda, kwa mfano, watu hushuka na kuizunguka kwa miguu.

Nile ya Jinja ina wema mmoja kwa mgeni: maji ni mengi, ya vuguvugu, na baada ya poromoko kwa kawaida huja eneo pana lililotulia, ambapo walioanguka huokotwa. Sagana nchini Kenya, kwenye Mto Tana, ni karibu zaidi kwa watu wa Nairobi na inafaa sana kwa kuanzia, ila mto ni mwembamba na kina chake hufuata mvua. Baada ya masika si mto ule ule ulioonyeshwa kwenye picha za Februari.

Sasa kuogelea. Sisi tuliokulia pwani tuna kiburi cha bahari, na kiburi hicho inafaa kukiacha Tanga au Mombasa. Maji ya chumvi yanakubeba. Maji baridi ya mtoni yanakubeba pungufu ya hapo, na yale meupe yaliyochanganyika na hewa hayakubebi vizuri hata kidogo. Ndani ya poromoko huogelei kama unavyojua. Unalala chali, vidole vya miguu vimechungulia juu ya maji, miguu ikitangulia unakoelekea mto, na jaketi okozi linafanya kazi yake. Husimami, hata ukihisi mawe chini, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mto utakulaza kifudifudi na hutaweza kuinuka. Na pumzi huvutwa kwenye bonde la wimbi. Kileleni funga mdomo.

Haya yote yanafanyiwa mazoezi nyumbani. Tafuta bwawa la kuogelea, azima jaketi, jirushe, kaa chali, zoea maji kukupiga usoni bila kuhangaika. Jioni chache za namna hiyo zinakusaidia kuliko mwezi mzima wa kunyanyua vyuma.

Na asiyejua kuogelea? Shangazi yangu, mtu mzima wa makamo, alikwenda. Asubuhi ile tukipewa majaketi alimwendea nahodha akamwambia waziwazi, "Mwanangu, mimi maji nayajua ya kisimani tu." Yule kijana hakucheka. Alimwambia, "Asante kwa kuniambia, mama. Utakaa hapa karibu na mimi," kisha akawaita vijana wa kayaki, vimashua vya mtu mmoja, wale wanaotangulia mbele ya boti kuokota watu, akawaonyesha shangazi ni yupi. Tulipopinduka, kijana mmoja alimfikia kabla hata mimi sijajua niko upande gani wa boti. Ndiyo maana nasisitiza: usimfiche nahodha kitu. Pumu, kifafa, shinikizo la damu, bega lililowahi kuteguka, mimba, yote mwambie, na baadhi ya hayo ongea na daktari kabla hujalipa hata shilingi. Mwenye pumu ahakikishe dawa yake ya kuvuta iko ndani ya mfuko usioingia maji wa nahodha. Ikibaki kwenye basi haimsaidii mtu.

Mavazi yanastahili kufikiriwa, hasa kwetu wanawake. Pamba na jinzi hunyonya maji na kukuelemea. Vaa kitambaa cha nailoni kinachobana mwili. Dera, kanga na kila kitu kinachoning'inia viache hotelini, maana nguo ndefu hunasa. Mimi huvaa suruali ya michezo, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na ushungi wa michezo wa kuvuta kichwani usio na pini, kwa kuwa pini chini ya helmeti ni jeraha linalosubiri. Mikono mirefu inanisitiri na inanikinga na jua pia. Kama unasuka, suka twende kilioni bapa. Misuko minene au fundo la nywele utosini huinua helmeti, nayo helmeti inayocheza haikulindi: tikisa kichwa, na ikibaki nyuma omba nyingine. Jaketi nalo lipimwe hivyo. Mwambie mwenzako alivute juu mabegani kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, kaza mikanda tena, na usiilegeze katikati ya safari kwa sababu ya joto. Miguuni vaa viatu vya raba au sandali zenye mikanda ya kisigino. Ndala zitaondoka na mto. Miwani ifungwe kamba, pete zivuliwe.

Kabla ya kuingia majini mtafundishwa amri, Jinja mara nyingi kwa Kiingereza. Ukiwa na mzazi au mtoto asiyekielewa vizuri, mwombe nahodha akubaliane nanyi maneno ya Kiswahili: mbele, nyuma, acha, chini. "Chini" ndiyo muhimu kuliko zote. Ikitoka unashuka sakafuni mwa boti na kushika kamba. Mkono mmoja usiachie kamwe kile kishikio cha juu cha kasia, maana kikiachwa ndicho kinachovunja meno ya jirani. Ukiibukia chini ya boti iliyopinduka, inua mikono, gusa mpira, utembeze mikono upande mmoja tu mpaka utoke. Ukirushiwa kamba ya uokozi, ipitishe begani, ulale chali, uvutwe, usiizungushe mkononi. Nahodha akiyapitia haya harakaharaka, mwambie arudie. Umelipia hilo kuliko picha, na kampuni inayokereka kwa maswali ya usalama mimi singepanda boti yake.

Makaratasi yasikucheleweshe. Mkenya na Mnyarwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania abebe pasipoti. Wote muwe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo chanjo ya dakika za mwisho haisaidii. Bima ya safari isome hadi herufi ndogo. Nyingi haziingizi michezo ya hatari mpaka uongeze malipo.

Jinja kuna malaria, na wengi hukingwa kwa doksisaiklini. Dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi juani, na ngozi nyeusi haijasamehewa, kwa hiyo ukiitumia usidharau mafuta ya kukinga jua, hasa mapajani na juu ya nyayo, ambako jua linakupiga ukiwa umekaa ukingoni mwa boti.

Kilichobaki ni kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia kandokando, penye majani, yaani pale pale mnapoingilia na kutokea, na Ziwa Victoria na Nile yake vinajulikana kwa ugonjwa huo. Jikaushe kwa taulo mara unapotoka, ila usiitegemee taulo peke yake. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, hivyo kuimeza jioni ile ile ya safari hakumalizi kazi. Siku unayolipia safari, andika kwenye kalenda tarehe ya kwenda kupima, miezi miwili hadi mitatu baada ya kurudi, na uende hata kama hujisikii chochote. Mwambie daktari kwamba uliingia Nile. Asipojua hilo, huenda asikipime kabisa.