Maswali yenu: mdudu wa dhahabu kwenye matembele

Wiki hii mmenijazia wadudu tupu, nadhani ni hizi mvua. Haya twende.

Msomaji wa Muheza: Kwenye matembele nimeokota mdudu anang'aa kama pete ya dhahabu, nikamtia kwenye kiberiti, asubuhi nakuta wa kahawia. Nimebadilishiwa?

Hujabadilishiwa dada yangu, kafa tu. Huyo ni mbawakawa wa majani, wale wenye gamba pana linafunika mpaka miguu kama kobe, nadhani ni Aspidimorpha, matembele ndo chakula chao. Ile dhahabu si rangi, ni unyevu uliokaa katikati ya tabaka za gamba unaorudisha mwanga, akikauka basi uzuri wote kwisha. Ndo maana anayeandika sifa za mdudu mpya, yaani ambaye sayansi haijampa jina, huku ana maiti tu kwenye pini anaweza akaandika "kahawia" na aliyemwona hai akabisha. Picha kwanza, kiberiti baadae.

Msomaji wa Chumbageni: Wataalamu wanajuaje mbawakawa huyu ni mpya? Si wanafanana wote?

Wanafanana kweli, hapo ndo shughuli. Familia yao, Chrysomelidae, ina spishi zaidi ya 30,000 zenye majina tayari, na kuna jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, kama Monolepta, Afrika imejaa vidudu vyake vya milimita chache tu. Mtaalamu anahesabu vipande vya papasi, zile pembe za kichwani, kawaida 11, anapima kipi kirefu kuliko kipi, anaangalia vitundu kwenye mbawa ngumu, halafu, watoto wasisome hapa, anampasua dume atoe uume wake auweke kwenye hadubini, maana wawili waliofanana nje kama mapacha huko ndani unakuta hawana hata undugu wa karibu. Na bado hajamaliza, lazima alinganishe na holotaipu, yaani yule mdudu mmoja ambaye jina limefungwa kwake, na wengi waliookotwa Usambara enzi za Mjerumani wako Berlin. Mdudu wa Amani, hukohuko Usambara, ushahidi wake Ulaya! Mie hiyo inaniuma. Tena wengi wanaoitwa "wapya" hawakuokotwa jana, walilala kwenye droo za makumbusho miaka na miaka hakuna aliyewafungua.

Msomaji wa Pongwe: Nikimpata mpya, naweza kumpa jina la bibi?

Unaweza, bibi Zuhura anakuwa zuhurae, babu Juma jumai, mahali kama Amani amaniensis. Ila mpaka sifa zake zichapishwe, na jina lisiwe limeshatumika kwenye jenasi hiyohiyo, hesabu inaanzia 1758, kitabu cha Linnaeus. Kujipa la kwako mwenyewe sheria haikatazi, utachekwa tu.

Msomaji wa Korogwe: Kunde zangu majani matundu matupu.

Huenda ni Ootheca, mbawakawa wa majani mwingine. Mkubwa anakula majani, mtoto yuko chini kwenye mizizi. Msimu ujao usirudie kunde palepale.

Msomaji wa Lushoto: Kijana wangu anataka kuanza kukusanya.

Ndani ya hifadhi, kibali kwanza. Shambani kwenu aweke kwenye spiriti, na ndani ya chupa kikaratasi: mahali, tarehe, mmea aliokutwa nao. Aandike kwa penseli jamani, mie niliandika kwa peni, spiriti ikafuta wino wote, chupa nzima ikawa haina kazi. Na mmea asioujua jina achume tawi lake aukaushe kwenye gazeti.